Trela Jeupe na Kuta za Mashuka

Jumapili, 2 Machi

Shangazi mpenzi,

Kabla hata ya shikamoo, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Baba anakaribia kununua trela lisilotufaa. Mimi nimeliona hilo nikiwa nimesimama karibu yake kabisa, na nikanyamaza.

Sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Bado unalala ndani ya lori, au tajiri wako amekupa likizo? Sisi wazima, isipokuwa Mama mafua yamemkaba, anakusalimu kwa chafya. Nakuandikia barua pepe kwa sababu nikikupigia simu utanisikia nikipumua tu.

Nikueleze vizuri. Tangu nimalize shule nafanya kazi na Baba. Wageni wanapanda zile pikipiki zetu mbili za magurudumu manne, ambazo hapa nyumbani tunaziita punda, wanazunguka milimani, wanalala kwenye mahema, kisha tunawarudisha. Kazi yangu ni kufunga mizigo. Maneno na wageni namwachia Baba. Mpaka sasa tunabeba kila kitu kwa trela la wazi. Mvua ikinyesha magodoro yanakunywa maji, na juzi juzi tulisimama kujaza mafuta tukaondoka na mahema pungufu. Kwa hiyo Baba ameapa: safari ijayo ni trela lenye kuta, paa na kufuli.

Kwa muuzaji kuna matrela mawili. Moja ni jeupe, jembamba, linang'aa kama sahani mpya. Baba alilipenda kabla hajazima gari. Akapima, akapima tena, akasema, "Punda wanaingia kama wameshonewa!" Na kweli wanaingia. Lakini wakati wao wanavutana kuhusu bei, mimi niliingia ndani nikakaa sakafuni, nikajiuliza: punda anaingizwa na mtu aliyempanda. Huyo mtu akishazima injini, anashukia wapi? Huku ukuta, huku ukuta. Na mizigo itakaa wapi, kama si nyuma kabisa mlangoni?

La pili ni la kijivu, pana zaidi, refu zaidi, limebonyea ubavuni. Lina mlango mdogo wa pembeni kule mbele. Baba hakuligusa hata kwa kidole.

Jumamosi anakwenda kulipa. Ameshawatangazia majirani wote. Shangazi, wewe ni dada yake mkubwa, na umeendesha malori maisha yako yote. Tafadhali mpigie umwambie. Mimi sitaweza.

Mwanao

*

Jumanne, 4 Machi

Bi Kimya wangu,

Marahaba. Mama yako mwambie avute mvuke. Mgongo wangu hauna neno, kibovu ni kiti cha lori.

Simpigii. Usinune kwanza, soma. Huyo baba yako nimemfunga kamba za viatu mpaka akaota ndevu, na hajanisamehe. Nikimwambia trela jeupe ni baya, atanunua mawili.

Lakini umeona sawasawa. Watu hupima mzigo, wakamsahau mpakiaji. Kuna mwenzetu kazini aliingiza trekta dogo ndani ya kontena akashindwa kutoka. Tulimpitishia chai juu ya boneti.

Ongeza na haya. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya magurudumu ya trela, si mkiani. Ukiuweka mkiani, mkishika mteremko trela litaanza kutikisa kiuno, na likishaanza hiyo ngoma, gari nalo linaingia kucheza. Hakikisheni lina breki zake lenyewe, na kwamba gari lenu linaweza kulivuta likiwa limejaa, si tupu. Halafu petroli. Usiifungie ndani pamoja na mifuko ya kulalia. Pawe na matundu ya hewa, na madumu yakae nje, la sivyo wageni watalala wakinusa gereji.

Wala usimwambie amekosea. Chora hilo trela uani, kwa vipimo vyake vilevile, umwombe apande punda aingie humo. Apande yeye mwenyewe, na lile tumbo lake.

Shangazi yako, dada wa Kichwa Kigumu

*

Alhamisi, 6 Machi

Shikamoo Shangazi,

Mama amepata nafuu, na anasema mvuke uvute wewe.

Mimi nimeshindwa. Jana mezani nilifungua mdomo kumwambia, nikajisikia naomba chumvi. Chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha. Nikaongeza, nikala hivyo hivyo.

Leo nimechora uani kwa chokaa, urefu na upana wa lile jeupe. Baba akaja na punda, akaingia katikati ya mistari, akazima, akashuka huku akiuvuka mstari kama anatoka chumbani kwake. "Unaona?" akasema. "Nafasi tele! Umechora vizuri, mwanangu." Akanipiga begani, akaenda kunawa mikono.

Mstari hauna ukuta, Shangazi. Hilo hatukuliwaza, si mimi si wewe.

Basi kesho najenga ukuta. Nimeshamwambia Mama nahitaji mashuka yake, na hilo lenyewe lilinitoa jasho. Baba haendi kulipa kabla hajanisikia. Sijui nitasemaje, ila nitasema.

Mwanao

*

Jumapili, 9 Machi

Bi Kimya,

Natumaini mko salama. Salamu nyingine zitafuata, sasa hivi roho yangu iko juu. Jumamosi imepita. Nimempigia baba yako, simu inaita tu. Nimempigia mama yako, akacheka, akasema, "Wifi, ngoja barua ya mwanao," akakata. Kicheko gani hicho? Cha heri au cha kukata tamaa? Jeupe au la kijivu? Niandikie leo, naendesha vibaya.

Shangazi yako

*

Jumatatu, 10 Machi

Shikamoo Shangazi. Wote wazima, na unisamehe kwa kukuweka roho juu. Simu ya Baba ilisahaulika ndani ya trela.

Ijumaa asubuhi nilivuta kamba za kuanikia nguo juu ya ile mistari, nikaning'iniza mashuka pande zote mbili. Mama akashika upande mmoja. "Lakini mkinichania shuka," akasema, "mtalalia hiyo chokaa." Mimi nikasimama nyuma ya shuka la pili, nimelivuta kwa mikono, na chini nimelikanyaga.

Baba akaingia na punda akicheka. Akazima injini. Akanyanyua mguu, goti likanigonga kupitia shuka.

"Nani anabana hapa?"

"Ukuta, Baba."

"Ukuta gani? Hili si shuka?"

"Kesho litakuwa bati."

Akajaribu upande wa pili, Mama akapiga kelele, "Wee, shuka langu!" Akajaribu kutoka kinyumenyume kwa kutambaa juu ya kiti. Kiatu kikanasa, akabaki amelala kifudifudi juu ya punda kama godoro lililofungwa mikanda. Mama alicheka mpaka mafua yakarudi.

"Wewe," akaniita kutoka pale pale alipolala. "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu siku ile kwa muuzaji."

"Mbona hukusema?"

"Nasema sasa."

"Haya, toka huko nyuma tuzungumze."

"Hapana, Baba. Nisikilize hivi hivi."

Nikasema yote, Shangazi. Mzigo wa mkiani, mteremko, breki, petroli, mlango wa pembeni. Nilipomaliza nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Kesho tunakwenda wote. Sasa ondoeni huu ukuta, mguu umekufa ganzi."

Jumamosi tulikwenda na punda mmoja kwenye trela la wazi. Muuzaji alikuwa ameshaliosha lile jeupe na kuandaa makaratasi. Baba akamwambia, "Zungumza na binti." Mtu yule akanitazama, akamtazama Baba, akanirudia mimi.

"Dada, la kijivu limebonyea, unaona mwenyewe. Na hili jeupe kuna mteja yuko njiani kulichukua."

"Alichukue," nikasema.

Nikaomba kuingiza punda ndani ya la kijivu. Nikapanda na mlango wa nyuma uliolazwa chini, nikazima, nikashuka bila kugusa ukuta, nikatoka kwa mlango wa pembeni. Baba naye akafanya vivyo hivyo, tumbo na yote, akatokea upande wa pili amenyoosha mikono kama mshindi. Trela hilo lina magurudumu manne, na breki zake lenyewe. Baba akasoma maandishi ya uwezo wa gari letu, akayarudia, akasema linaliweza hata likijaa. Muuzaji amekubali kutoboa matundu ya hewa na kuchomelea fremu ya madumu kwa nje. Sehemu iliyobonyea Baba anasema ni kidoti cha uzuri.

Sasa liko uani, na kila jirani anayepita anasimuliwa. "Binti yangu alilishika shuka kama zege! Hakutikisika! Alitaka nione ukuta ulivyo."

Shangazi, vibanio vya nguo vilikuwepo tele. Shuka lingesimama bila mimi. Nilijificha nyuma yake kwa sababu nisingeweza kuyasema yale nikiuona uso wa Baba. Na lile neno "alichukue" sikumwambia muuzaji, nililiambia tairi.

Wiki ijayo wageni wanakuja, na Baba ameamua mimi ndiye nitakayewaonyesha jinsi ya kupakia, mbele yao wote, bila shuka. Nimekubali. Nitawatazama usoni, hata kama nitaanza na mmoja. Lakini mpaka siku hiyo ipite, mwache Baba aamini nilikuwa nashika ukuta tu. Usimwambie, Shangazi. Wala Mama. Hilo tulijue mimi na wewe.

Mwanao