Mlio wa Pikipiki ya Marehemu Salumu

Zinga, Bagamoyo
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Nakuona ukiipokea barua hii mlangoni, miwani imekushuka puani, unaanza kuisoma umesimama kwa sababu hujawahi kuwa na subira ya kukaa. Kaa, dada, maana ni ndefu. Goti limefikia wapi? Ile dawa ya kuchua niliyoituma unaitumia, au umeipanga kabatini pamoja na nyingine zote? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Ufundishaji wa fizikia unaendelea, joto la huku tumekwisha kuzoeana, na wali wa nazi umeniongezea kiuno kwa kiasi ambacho tundu za mkanda wangu zinathibitisha.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Jambo ninalotaka kukueleza lina hatua zake, na simu ya huko kwetu Ujiji hukatika pale pale mtu anapofika kwenye hatua iliyo muhimu. Ukikosa hatua moja tu, utanihukumu vizuri kuliko ninavyostahili, nami sitaki.

Unakumbuka kwamba mwenye nyumba yangu, Salumu, alifariki kwa maradhi ya siku chache. Hawakujaliwa mtoto. Alimwacha mkewe, Zuhura, ambaye chumba changu kinapakana na ua wake, na baba yake mzazi, Mzee Kibwana, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Zuhura ni mkulima wa mwani. Maji yakipwa, yeye huingia baharini kule Mlingotini, hufunga mbegu kwenye kamba, na ukikomaa huvuna. Mwani mbichi ni mzito kama nguo iliyotoka kufuliwa bila kukamuliwa. Aliyekuwa akiyatoa magunia ufukweni mpaka uani pa kuanikia ni Salumu, kwa pikipiki yake kuukuu aliyoinunua kwa mtu, na ambayo, Mungu amrehemu, hakuwahi kuitunza.

Eda ilipokwisha, Zuhura na mkwewe walikaa na imamu wa msikiti wetu kuzungumza habari ya mirathi. Walikubaliana hivi: ikiwa injini ya pikipiki ni nzima, itaingia katika fungu la Zuhura, naye ataendelea na mwani wake. Ikiwa imekufa, itauzwa vipande vipande, na kwa kuwa hakuna mwanamke anayeweza kubeba magunia yale kichwani masafa yale, angekwenda kukaa kwa kaka yake huko Miono, alime mihogo. Kaka alikuwa tayari. Zuhura hakuwa tayari, na alilisema hilo kwa maneno machache sana: "Miono nitakwenda kutembea. Kuishi, naishi hapa."

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Wiki ya kwanza ya eda Mzee Kibwana alinifuata, akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mwalimu, afanyeje ili pikipiki ya mwanawe isife kwa kusimama. Nilimjibu papo hapo, bila hata kuweka kalamu chini: "Iwashe kila Ijumaa, mzee. Dakika tano, hapo hapo ilipo. Inatosha." Nilikuwa nimemwona shemeji akifanya hivyo na pikipiki yake miaka yote, pembeni mwa ziwa letu la maji baridi, na haikupata kudhurika. Sikujiuliza kama Zinga na Ujiji zina hewa moja.

Mzee alilishika neno langu kama dawa ya hospitali. Kila Ijumaa, akitoka msikitini na kanzu yake, aliingia uani, akakaa juu ya kiti cha pikipiki chini ya banda la makuti, akapiga kiki. Alikaa kimya hadi dakika zilipotimia, akaizima, akamjulia hali mkwewe, akaondoka. Kwa miezi minne na siku kumi hakuruka Ijumaa hata moja.

Siku Zuhura alipoitoa mara ya kwanza, kwa maana Salumu alikuwa amemfundisha kuendesha tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao, ilikwenda vizuri kwa muda wa dakika kumi. Kisha ikaanza kugonga: mlio mkavu wa chuma, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Akaisukuma mpaka kwa fundi Chande, ambaye ana kibanda kando ya barabara kuu.

Chande aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Konrodi hiyo, mwalimu," aliniambia, maana nilikuwa nimefuata. Huo ni mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na shafti, na ukilegea injini imekwisha. "Ikiwa baridi, oili nzito inaficha. Ikipata moto, oili inakuwa nyepesi, aibu inatoka nje. Mimi nitaichukua kwa vipuri, nisiwadanganye."

Hakuwa akidanganya. Niliazima bisibisi yake, nikaweka ncha kwenye ubavu wa injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikasikiliza. Kweli mlio ulizidi kadiri joto lilivyozidi. Basi nikasimama mbele ya Zuhura nikatamka, kwa sauti ile ile ninayowarudishia wanafunzi madaftari: "Fundi yuko sahihi. Injini imekufa."

"Haya," alisema Zuhura. Alirudi nyumbani akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Kesho yake nilikuwa darasani nikiwaonya wanafunzi wasitoe hitimisho kwa kipimo kimoja pale ambapo sababu mbili zinaweza kuleta matokeo yale yale. Niliposikia ninachokisema niliona haya. Joto hulegeza oili, ni kweli, lakini joto hutanua chuma pia, na chuma kilichokwama mahali fulani kikiwa baridi kinaweza kuachia kikiwa moto. Konrodi mbovu ina dalili nyingine ambayo sikuipima: ikibebeshwa mzigo kilimani, hugonga kwa nguvu zaidi.

Jioni ile nikabisha hodi uani. Mzee Kibwana alikuwepo.

"Zuhura," nikasema, "nataka kuipima upya kabla fundi hajaichukua. Inahitaji mzigo mzito nyuma, wewe uendeshe."

"Mzigo gani? Mwani uliobaki ni nusu gunia."

"Mtu angefaa zaidi."

Akanitazama. Wewe unajua, dada, kwamba mimi kukaa nyuma ya mjane aliyetoka eda juzi ni habari ambayo ingefika Dunda, huko Bagamoyo mjini, kabla yetu. Nikamgeukia Mzee Kibwana, ambaye ni mkwewe na hana wa kumsema.

"Aa-a," alisema mzee. "Mwalimu, unanipima kama gunia?"

"Kwa heshima zote, mzee. Na nusu gunia utalipakata."

"Shikilia vizuri, Baba," alisema Zuhura, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. "Gunia likianguka halilii, wewe utalia."

Nilisimama juu ya kile kilima kidogo cha njia ya Mlingotini, nao wakazunguka huko chini hadi injini ilipopata moto na mlio ukatoka. Kisha wakapanda, mzee amekunja kanzu magotini na gunia kifuani. Nilisikiliza walipokuwa wakija, walipopita mbele yangu na walipofika juu. Mlio haukuzidi hata kidogo. Nikamwomba Zuhura aizime kabisa injini, atoe gia, aiachie iteremke yenyewe juu ya mizizi ya mikorosho inayokatiza njia.

Waliteremka kimya, na katika kimya hicho, kila gurudumu lilipokanyaga mzizi, ilisikika: ko. Ko-ko.

"Mwalimu!" alipiga kelele Mzee Kibwana kutoka huko chini. "Imezimwa, na bado inagonga!"

Injini isiyozunguka haigongi, dada. Kilichokuwa kikigonga kilikuwa nje ya injini.

Tuliisukuma moja kwa moja hadi kwa Chande. Alifungua nati za ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, akaishika kwa tambara kwa kuwa ilikuwa ya moto, akaiinamisha. Yalitoka maji ya rangi ya kahawa, kutu kama konzi mbili, kisha kikachungulia kipande cha bomba la ndani, kimeliwa shinani na kukatika. Kikiwa baridi kilikuwa kimekwama, na kikipata moto kiliachia na kuanza kucheza. Chande aliiwasha injini bila ekzosi, ikanguruma hata kuku wa jirani wakatawanyika. Akaweka bisibisi na kusikiliza, kisha akanipa na mimi. Ndani mlikuwa safi, hakuna kilichogonga. Zuhura alitutazama nyuso zetu, kisha akakaa juu ya tairi lililokuwa pale.

Hapo ndipo Chande alipouliza, bila ubaya wowote, "Lakini nani alikuwa akiiwasha hii bila kuitembeza? Moshi una maji ndani yake. Isipopata moto wa kutosha, maji yanalala humu. Na hewa yetu hii ya chumvi, miezi minne tu inakula bomba zima."

Mzee Kibwana aliiangalia mikono yake. Nakuandikia waziwazi kwamba wakati ule nilipata nafasi ya kutosha kuona kwamba nisiposema kitu hakuna atakayeniuliza. Watu wangesema mzee hakujua, na mambo yangekwisha.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwagiza. Nilimpa mzee jibu la Ujiji, na wala hakuniuliza habari za Ujiji."

Chande alicheka hadi akaweka spana chini. "Kumbe fizikia ndiyo iliyooza!"

Mzee Kibwana hakucheka. Alinishika bega. "Mwalimu, hata ungeniambia dakika mbili ningekaa tano. Sikuwa nikiitunza injini mimi. Nilikuwa nikiisikiliza tu, kama yuko uani anajitayarisha kutoka."

Zuhura aliinuka kutoka kwenye tairi, akajipangusa kutu iliyomshika kwenye kanga. "Basi Baba, Ijumaa uje kama kawaida. Lakini hukai bandani tena. Utapanda, nikupeleke mpaka Mbegani na kurudi, ipate moto."

"Na gunia nilipakate tena?"

"Na gunia."

Chande alichomelea bomba jipya. Kaka yake Zuhura alipokuja kutoka Miono alikuta dada yake yuko baharini, akamsubiri, akala, akarudi peke yake. Mimi nilimwomba Zuhura radhi kwa mambo mawili: kwanza lile agizo langu, pili ile hukumu. La agizo alilisamehe pale pale. La hukumu alifikiri kidogo, kisha akasema, "Ulisema imekufa, nami nikaosha vyombo mara mbili. Siku nyingine, mwalimu, pima kwanza ndipo useme."

Kwa hiyo mwambie shemeji, pamoja na salamu zangu, kwamba kama ile yake bado anaiwasha bila kuitembeza, aache, au aitembeze hadi Kigoma mjini na kurudi. Nisalimie mama mdogo na umwambie ukili alionipa nimempa Mzee Kibwana, anaushonea mkeka. Msalimie bibi, umsemee sikioni kwamba nasali kwa wakati. Msalimie na binamu yetu fundi cherehani, ambaye atafurahi sana kusikia kwamba nimekosea, basi usimpunguzie.

Ijumaa iliyopita niliwaona wakiondoka baada ya sala. Walikawia zaidi ya nusu saa. Waliporudi Mzee Kibwana alishuka polepole, akainama, akagusa ekzosi kwa mgongo wa kidole na kukiondoa haraka.

"Imepata," alisema, akakitia kidole mdomoni.

Nduguyo anayekupenda na kukuheshimu,
Ramadhani