Helisi ya siku ya ndoa yetu

Mujukuu wangu Yoane,

Bwana asifiwe. Hapa Kisangani tuko wazima, na dada yako amezaa mapacha.

Unauliza ufunge helisi gani, lile panga la kusukuma maji, kwenye motere ya pirogi yako. Siku ya ndoa yetu babu yako alifunga ile ya mbio, anitoe Yanonge tufike hapa kabla pasta hajaondoka. Lakini tulibeba kwaya nzima na mbuzi. Motere ikalia, mto ukatushinda. Wavuvi wakatupita kwa kafi: "Bibi arusi, hamia kwetu, sisi tunafika leo."

Babu akacheka, akafunga ile ya mizigo, inayokata maji kidogo kidogo. Tukamkuta pasta mlangoni.

Donc, basi, angalia kwanza nani anapanda. Wewe unabeba mama wa soko na mihogo yao.

Ile ya mbio ninayo bado: inakandamiza kifuniko cha chungu cha pondu, majani yangu ya mihogo.

Mungu akuvushe,
Bibi yako