Tulipokwenda kusikiliza bafle za mbao

Jumamosi, Kalemie

Mvua ya leo haikuwa na haraka. Ilianza alfajiri, ikapumzika kidogo tulipotoka nyumbani, ikarudi tukiwa tumeshaingia dukani. Sasa ni jioni, ziwa limetulia, na mimi nimeketi barazani na kompyuta mapajani. Nina furaha na aibu kwa pamoja, kama mtu aliyeteleza mbele ya watu akajikuta hakuumia.

Niandike sasa hivi, kabla sijaanza kuipamba hadithi.

Kwa asiyenijua: mimi ni mtu wa bandari. Wafanyabiashara wakileta mizigo kutoka Kigoma, mimi ndiye ninayehangaika na watu wa forodha mpaka mizigo itoke. Mke wangu ni Véronique, ambaye mji mzima unamwita Mama Riziki kwa jina la binti yetu wa kwanza. Na nina ugonjwa mmoja: napenda muziki unaosikika vizuri. Sisemi kwa nguvu. Nasema vizuri.

Redio yetu kubwa ilikufa msimu uliopita. Tangu hapo tumekuwa tukiweka simu ndani ya bakuli la bati ili wimbo upate nguvu kidogo. Kila aliyetutembelea alicheka. Mimi sikucheka.

Basi mwezi huu Papa Wilondja akapokea bafle, yaani spika. Yeye ni mfanyabiashara aliyetoka Baraka, kule kaskazini mwa ziwa. Duka lake la zamani hapa Kalemie lilikuwa chini, karibu na maji, mpaka ziwa lilipopanda likaingia hadi kwenye rafu; siku hizi yuko juu kidogo, kwenye barabara ya lami. Ni mimi niliyemtolea mzigo huo bandarini, kwa hiyo nilikuwa nimeshaziona zikiwa kwenye makatoni. Jozi moja ni kubwa, nyeusi, za kupigia ngoma kwenye arusi. Jozi ya pili ni nyembamba, za mbao, zimesimama kama watoto wawili wanaosubiri komunyo.

"Papa Riziki," aliniambia, "usinunue kwa macho. Mukuje wote wawili na Mama, mukae, musikilize. Na mulete wimbo munaoujua sawa vile munajua nyumba yenu. Wimbo usioujua utakudanganya."

Wimbo wa kupeleka haukunisumbua hata kidogo. Ninao mmoja tu.

Hapa lazima nieleze hadithi yangu, ile ambayo kila aliyewahi kuketi nami kwenye arusi ameisikia. Nilipokuwa kijana nilitumwa Moba kwa kazi. Boti ilitushusha asubuhi ya Jumapili, suruali imelowa hadi magotini, nikaingia kanisani kwa sababu mlango ulikuwa wazi na nilitaka kukaa. Kwaya ikaanza. Kulikuwa na sauti moja ya mwanamke iliyopanda juu ya wenzake wote, nyembamba, safi, ikaenda huko juu na kukaa. Nikauliza jirani yangu ni nani yule. Akanyoosha kidole kwenye safu ya wasichana. Nilifuata kidole chake, nikamwona Véronique.

Nimekuwa nikisema tangu siku hiyo: mimi nilioa sauti kwanza, mwanamke alifuata.

Mwaka ule ule padri aliirekodi kwaya kwenye kaseti. Tulipewa nakala. Miaka michache iliyopita binti yetu aliihamisha kwenye simu, na wimbo ule ule umo. Watoto wamekua nikiwanyamazisha mezani: "Sikilizeni, huyo ni mama yenu." Na Mama Riziki kila mara alikuwa akisema, "Eeh, Papa Riziki na hadithi zake," kisha anainama kusukuma makaa.

Niliona ni unyenyekevu.

Na hili ndilo linalonichekesha jioni hii. Nyumbani hajawahi kuimba juu. Anapopika huvumisha wimbo chini chini, mdomo umefungwa, kwa sauti nzito yenye joto. Nilidhani uzazi na moshi wa jikoni vimemnyang'anya ile sauti ya usichana. Nilimhurumia, kimoyomoyo. Nilijiona mume mwema sana kwa kutomkumbusha.

Leo alikuja nami dukani bila hamu. Yeye alitaka tununue frigo, yaani friji. Njiani, tukiruka madimbwi, aliniambia kwamba bafle hazihifadhi samaki. Na ni kweli.

Papa Wilondja alitupokea kama wakwe. Alitoa viti viwili vya plastiki, akavisogeza mbele, akavirudisha nyuma, akashusha pazia la mlango ili kelele za pikipiki zipungue. Jenereta ilikuwa mbali, nyuma ya nyumba. Akaunganisha simu yangu na ampli, kile kikuza sauti, akaanza na zile nyeusi.

Lo! Ile sauti ya juu ilitoka kama kisu kipya. Chupa kwenye rafu zilitetemeka. Nikasimama nikamsimulia Papa Wilondja hadithi yote, boti, suruali iliyolowa, kidole, kila kitu, na yeye akawa anatikisa kichwa kwa heshima. Mama Riziki alikuwa akitazama mafrigo upande wa pili.

"Sasa sikiliza hizi ndogo," Papa Wilondja akasema. "Hizi hazina kupiga kelele. Hizi zinakuambia ukweli."

Akahamisha nyaya. Akaanzisha wimbo upya.

Sijui niandikeje. Kwanza nilisikia kanisa. Nilisikia benchi likilia, mtu akikohoa, mtoto mchanga mahali fulani nyuma. Sauti ya juu ilikuwa pale pale, lakini safari hii haikuwa peke yake. Chini yake kulikuwa na safu nzima ya wanawake ambao sikuwa nimewahi kuwasikia, si kwenye redio, si kwenye simu, si ndani ya bakuli. Na katikati ya hao kulikuwa na mmoja. Sauti nzito kidogo, yenye joto, inayochelewa kuuachia mwisho wa neno kana kwamba haitaki uende.

Naijua. Huamka nayo kila asubuhi, ikitoka jikoni.

Nikageuka. Mama Riziki alikuwa ameacha kutazama mafrigo. Alikuwa anatazama mikono yake.

Papa Wilondja, maskini, hakujua lolote. "Mama, ile sauti yako ya juu, kweli Mungu alikupa!"

Mke wangu akavuta pumzi. "Papa Wilondja, ile ya juu si mimi. Ile njo Agnesi. Mimi niko chini."

Namjua Agnesi. Alikuwa rafiki yake wa kwaya, aliyesimama kando yake kwenye safu. Aliolewa Kabalo, na mpaka leo wanapigiana simu. Alikuja kwenye arusi yetu, akala, akacheza, akanipa mkono. Na mimi nilisimama pale, mbele yake na mbele ya wageni, nikatoa hotuba juu ya sauti ya mke wangu.

Nilitoka nje.

Nilisimama chini ya bati la veranda, mvua ikimwagika mbele ya viatu vyangu. Ningependa kuandika kwamba nilicheka. Sikucheka. Niliona aibu kwanza, halafu kitu kibaya zaidi ya aibu. Nilijiuliza: kama kidole cha yule jirani kilinionyesha mtu mwingine, basi mimi nilimfuata nani?

Pazia likasogea. Mama Riziki akaja akasimama kando yangu. Hakunigusa.

"Mbona haukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuja nje ya kanisa, suruali imelowa, ukaniuliza: wewe njo ulikuwa unaimba? Na mimi nilikuwa nimeimba. Nikasema ndiyo. Nilidanganya wapi?"

"Na baadaye, Vero?"

"Baadaye nilikuwa nimekwisha kukupenda. Kila mara ulipoanza ile hadithi, nilisema leo nitamuambia. Kisha watoto wakaipenda. Mutu anavunja namna gani hadithi ya watoto wake?"

"Lakini mimi nisingekasirika."

"Sikuogopa hasira," akasema. "Niliogopa kwamba utaenda kumutafuta mwenye sauti."

Tuna wajukuu. Nywele zake za mbele zimekuwa nyeupe. Na hofu hiyo ameibeba ndani ya nyumba yangu, kwenye chakula changu, kwenye kila arusi nilipoinua glasi na kuanza kusimulia, na mimi mpenda muziki, mtu wa masikio, sikuisikia.

Nilitafuta neno zuri. Kilichokuja ni kumbukumbu tu, nikamwambia jinsi ilivyokuja.

"Unakumbuka ulichoniambia siku ile, baada ya mimi kukuuliza?"

"Hapana."

"Uliniambia: Kaka, kwenu Kalemie munavaa suruali za kuvulia samaki kwenda misa? Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Nikakaa kwenye boti njia yote ya kurudi nikijiuliza ningepaswa kukujibu nini. Niliporudi Moba mara ya pili, nilirudi na jibu. Hata sikwenda kanisani, nilikutafuta wewe."

Akanitazama. "Lilikuwa jibu gani?"

"Nilipokuona nikalisahau."

Ndipo alipocheka. Alishika nguzo ya veranda kama alivyoushika ule ukuta, na machozi yalikuwepo pia, lakini kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani alisimama kututazama, akaendelea na njia yake.

Tukarudi ndani. Papa Wilondja alikuwa anapangusa bafle ambayo haikuwa na vumbi.

"Papa, munisamehe kama nilisema vibaya."

"Weka tena," nikamwambia. "Hizi za mbao. Na mutu asiseme kitu."

Tulisikiliza wimbo wote. Kisha nikaomba tena. Mara hiyo Mama Riziki aliketi mbele ya kiti, mkono mmoja umeinuliwa kidogo, akinielekeza kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya nyumbani kwao. "Bado. Bado. Sasa, hapa njo mimi. Umesikia? Hapa nilikosea, padri alinitazama. Hapa tena." Na nilisikia. Kila mara alipoinua kidole, nilisikia.

Katika ubeti wa mwisho aliacha kunielekeza akaanza kuimba. Aliimba sehemu yake, ile ya chini, juu ya sauti yake ya usichana iliyotoka kwenye mbao. Sauti ya sasa inakwaruza kidogo. Ni nzito zaidi. Mwisho wa neno bado anauchelewesha.

Nimekuwa na mwanamke huyu maisha yangu yote ya utu uzima, na leo ndiyo siku niliyomsikia akiimba kwa mdomo wazi.

Wimbo ulipokwisha Papa Wilondja hakutaja bei. Alifungua pazia, akasimama mlangoni akiwa ametugeuzia mgongo.

Tulichukua zile za mbao. Papa Wilondja alinikumbusha, kwa uaminifu wake, kwamba hazitafaa kwa sherehe ya uwanjani, nikamwambia sina sherehe. Kuhusu frigo, nilianza kuahidi, Mama Riziki akanikatiza. Alisema tumeshapata ahadi za kutosha kwa siku moja, na kwamba frigo atakuja kuichagua mwenyewe, kwa macho yake, bila wimbo wowote. Bafle tulizifunika kwa turubai, tukazipakia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, na mke wangu akaketi katikati, mkono huku na mkono huku, akizishika zisianguke kwenye mashimo.

Nyumbani tulizisimamisha sebuleni. Kabla hata sijanywa maji, Mama Riziki akampigia Agnesi simu kule Kabalo. Akamwambia kwa kifupi. Halafu akaweka simu mbele ya bafle, akaniamuru nianzishe wimbo.

Kutoka Kabalo nilisikia mkwaruzo tu. Nilidhani mtandao umekatika. Kisha ile sauti ya juu ikaja, ya mwanamke mzee sasa, imechoka, ikipapasa njia. Ilipofika mahali pa kupanda, ikaanguka. Agnesi akacheka, akasema kwa sauti kubwa ili nami nisikie:

"Papa Riziki, usinipe sifa zisizo zangu! Mimi pale juu nilikuwa ninaogopa kila Jumapili. Nilikuwa namushikilia Vero. Yeye alipokosea, mimi nilipotea kabisa. Muulize!"

"Njo vile," Mama Riziki akasema taratibu, kama mtu anayekubali jambo la kawaida.

Baada ya hapo wakahamia Kitabwa, lugha ya kwao Moba, na mimi mzaliwa wa Niemba, pamoja na miaka yote hii ya ukwe, huambulia nusu tu. Nilisikia jina langu. Nilisikia neno la suruali. Vicheko vilivyofuata havikuhitaji kutafsiriwa. Nikaenda kuwasha makaa nichemshe chai, nikaipeleka sebuleni, sikushukuriwa na mtu.

Ninapoandika haya bado wanaongea. Wimbo umeanzishwa tena, kwa sauti ya wastani.

Kuna jambo moja nataka kulifanya, na naliandika hapa ili nisijifiche. Mimi siimbi. Kanisani hufungua kinywa tu. Kesho, kabla ya misa, nitamwomba Vero anifundishe mstari mmoja wa ile sehemu ya chini. Nitaukosea. Atacheka mpaka ashike ukuta.

Nimwache acheke.