Mwewe Akishiba Haji

Mama Chelagat,

Naenda shifti. Jioni mpime mwewe wangu uzito kwanza, kisha umpe kware mmoja tu. Najua kwenu mgeni lazima ashibe, lakini mwewe akishiba haji ukimwita. Leo asubuhi alikaa juu ya taa ya maegesho akakataa kushuka, nikampigia mluzi mpaka majirani wakafungua madirisha. Kule Kansas tulikuwa na mashamba ya kumrushia, hakuna aliyetushangaa. Binti yako akapita akienda kupanda basi, akajifanya hanijui. Mwishowe njaa ikamshusha mwewe.

~~Jumamosi namwachilia aende zake.~~ Hapana, abaki. Hapa mjini Lanham nikiita, anayekuja ni yeye tu.

Mwambie Chelagat sijakasirika. Kesho anisalimie tu, hata kwa Kiingereza.

Baba yake