Kitenzi cha Kuua

Jumamosi, 3 Mei

Somo la nne. Mwalimu Obura amekula tena mayai mawili ya kuchemsha huku akifundisha. Anayamenya juu ya Agano la Kale, maganda yanabaki kwenye kurasa. Kisha anashika chaki kwa vidole vile vile na kuandika herufi takatifu. Nilitazama ukutani mpaka akameza.

Ninajifunza Kiebrania Jerusalem. Si ile ya kwenye Biblia, ni hii yetu ya Eastlands, Nairobi, chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa, mtaro wa maji machafu ukipita chini ya dirisha. Tuko wanafunzi watano. Mwalimu alikuwa karani wa jiji kabla ya kustaafu. Ana shati moja la Jumamosi na kola yake ina rangi ya chai.

Leo ni vitenzi. Kila kitenzi kina herufi tatu, hizo ndizo mifupa. Halafu kuna miundo saba ya kuivisha hiyo mifupa nyama, nayo inaitwa majengo. Kitenzi cha mfano ni kuua. Qatal, ameua. Jengo la pili, ameuawa. La tatu, ameua kwa nguvu. La saba, amejiua. Saa mbili nzima kwenye benchi, naua kwa majengo saba. Nikauliza kwa nini si kupenda, au hata kula. Akasema vitabu vya zamani vinatumia kuua kwa sababu herufi zake hazina matata.

Aliyenileta hapa ni Mchungaji Kisembe wa kanisani kwetu. Alisema nina ulimi mwepesi, nijifunze kwa niaba ya kanisa. Kila Jumamosi jioni napiga picha kurasa za daftari langu na kumtumia. Nilikubali ili nimfurahishe. Sasa somo lenyewe limenishika na hilo linaniudhi pia.

Jumapili, 4 Mei

Kanisa letu liko ghorofa ya pili, Pipeline, juu ya duka la misumari na rangi. Mchungaji anahubiri kwa Kiingereza, mimi nasimama kushoto kwake nikitoa Kiswahili. Akiinua mguu, nainua mguu. Akilia, nalia. Mwaka wa sita huu. Hakuna mtu pale ndani asiyejua Kiswahili, hata Mchungaji, mzaliwa wa Mumias, anayeshindania bei ya nyanya kwa Kiswahili kitamu kuliko changu. Ila kanisa lenye mkalimani huonekana kubwa. Lisilo na mkalimani watu hulidhania kikao cha chama.

Leo, mahubirini, majengo saba ya daftari langu yalikuwa ghorofa saba za baraka. Wengi wetu tumekwama ghorofa ya kwanza, lifti ni imani. Nilitafsiri. Watu wakainua funguo za nyumba juu. Lifti, na sisi wa mtaa wa Kware tunapanda ngazi na mitungi ya maji mpaka magoti yanalia.

Nilirudi nyumbani na ladha mbaya mdomoni. Nikapiga mswaki, haikutoka.

Alhamisi, 8 Mei

Bosi wangu pale soko la Muthurwa, anayeuza nafaka kwa jumla, alinituma machinjioni Kiamaiko kuchukua nyama ya sherehe yake. Damu mpaka kwenye soksi. Mtu anaosha matumbo kwenye karai huku anatafuna miraa, na mate yanaenda anakojua Mungu.

Hapo hapo nikaelewa. Kiswahili kinapachika mkia: pika, pikwa, pikia, pikisha. Kiebrania kinaingia tumboni mwa neno na kupanga matumbo upya, mifupa ikikaa palepale. Lamad, amejifunza. Limed, amefundisha. Nilisimama katikati ya mbuzi waliochunwa nikitabasamu kama punguani. Muuzaji aliniuliza kama niko sawa.

Jumamosi, 10 Mei

Somo la tano. Leo ilikuwa ndizi iliyoiva mno, nyeusi, anaifyonza. Somo: hali ya tendo lililokamilika. Mwalimu alisema pia, na nikaandika ukurasa wa pili kwa kalamu nyekundu, kwamba umbo hili halimwambii msomaji lolote kuhusu maisha yake mwenyewe. Manabii hulitumia hata kwa mambo ambayo hayajatokea. Soma sura nzima kwanza, ndipo ufungue mdomo.

Nilituma kurasa zote mbili.

Jumapili, 11 Mei

Mchungaji alisoma ukurasa wa kwanza tu. Au alisoma yote na akachagua. Kitenzi cha leo kilikuwa kuponya. Kwamba kwa Kiebrania Mungu akisema ameponya, tendo limekamilika, faili limefungwa. Nilijua si hivyo. Nilijua kabla hajamaliza kusema. Lakini mkalimani hangoji kujua, mdomo wangu ulikuwa umeshamaliza sentensi na unasubiri nyingine.

Watu walipoa kidogo, pengine ni hilo neno kamilika. Hapo ndipo mkalimani mzuri hutia chumvi. Kila mmoja wetu hufanya hivyo, tunafundishana: mhubiri akileta uji, wewe weka sukari. Nikaongeza yangu. Nikasema, "Dawa ni ya yule ambaye bado anaumwa!" Kanisa likasimama. Mama mmoja akavua viatu akakimbia mpaka mlangoni na kurudi. Mchungaji alinitazama kwa jicho la kusema vizuri sana.

Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli na linanichefua. Nilifurahi mpaka jioni.

Jumatano, 14 Mei

Nafula amekuja mlangoni na sare ya shule bado mwilini. Yuko kidato cha pili. Mama yake, Mama Nafula, anakaa chini yangu ghorofa ya nne, tunasali kanisa moja, na ndiye aliyenipikia miezi mitatu mama yangu alipofariki, bila kuniuliza nitaacha kulia lini. Ana ugonjwa wa sukari, anajidunga sindano asubuhi na jioni. Dawa huiweka kwenye chungu chenye mchanga uliolowa kwa kuwa hana friji.

"Auntie, mathe hajadunga tangu Sunday," Nafula akasema. "Chungu amepandia dania."

Nimeshuka. Ni kweli, dania imeshaloweshwa maji. Mama Nafula alikuwa anakunywa maji kwa jagi, moja kwa moja kwenye jagi, anachemka kwa furaha. Nikamwambia ajidunge. Akacheka. Akaniambia, kwa sauti yangu mwenyewe, na mkono ukipanda vile vile: dawa ni ya yule ambaye bado anaumwa.

Sentensi hiyo si ya Mchungaji. Mchungaji hakuitamka kwa lugha yoyote. Ni yangu, nimeizaa mimi.

Nilimwambia hivyo. Nikamwambia niliiongeza ili kunogesha. Akanipapasa shavu. "Mwanangu, hapa uko na slipa, unaongea kama Rispa. Pale ulikuwa na upako. Neno lililotoka madhabahuni haliondolewi jikoni." Nikaondoka.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda ofisini kwa Mchungaji. Alikuwa anapangusa vidole kwa karatasi zenye marashi, kimoja kimoja. Mikono safi kuliko yote niliyowahi kuona. Nikamweleza habari ya Mama Nafula na nikamwomba Jumapili awaambie watu waendelee na dawa zao. Dakika moja tu.

Alinisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Dada Rispa, wewe unatoka Kiingereza unaenda Kiswahili. Hapo katikati hakuna mtu." Akasema pia kwamba Mama Nafula atatoa ushuhuda Jumapili, ameshampanga. Akanikumbusha kurasa za kesho.

Marashi yale yamenigandia kwenye nguo. Nimefua blauzi mara mbili.

Jioni nikashuka tena. Mama Nafula amekonda uso kwa siku tano. Ametapika, anasema ni ushetani unatoka. Pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyochacha. Nafula amemwomba, shangazi yake amepiga simu kutoka Bungoma, jirani muuguzi amempigia kelele. Anawajibu wote kwa sentensi yangu. Twende hospitali? Hapana, mpaka ashuhudie kwanza.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda darasani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nikamweleza Mwalimu Obura mbele ya wenzangu wote. Alikuwa na kiazi kitamu mdomoni. Akakitoa, akakiweka juu ya meza, kikiwa na alama za meno. Hata wakati ule nikaona kinyaa.

"Hayo maneno ya dawa yalikuwa kwenye daftari?"

Nikasema hapana, ni yangu.

"Uliyasemea wapi?"

Nikasema jukwaani.

"Basi kayafutie huko huko." Akageukia ubao na kuanza jengo la saba. Hakuuliza kama naogopa. Mtu mchafu yule, na hajawahi kuniambia uongo hata wa adabu.

Sikutuma kurasa. Simu imeita mara nne.

Jumapili, 18 Mei

Mama Nafula aliletwa akishikwa kwapa, huku na Nafula, huku na mama mmoja wa kwaya. Kiti cha mbele. Midomo mikavu, imepasuka, anatabasamu. Mchungaji alimwita jukwaani mapema, kabla hata ya sadaka. Mama Nafula alisimama akiyumba kati yangu na Mchungaji. Ile harufu ya pumzi ilinifikia pale pale kwenye maikrofoni.

Mchungaji akasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu amepona. Akainua mkono. Mkono wangu ukainuka wenyewe, umezoea. Nikasema kwa Kiswahili, "Jumapili iliyopita niliwaambia dawa ni ya yule ambaye bado anaumwa. Mungu hakusema hivyo. Mchungaji hakusema hivyo. Niliongeza mimi, Rispa, ili mpige makofi."

Watu wakasema amina. Wanasema amina kwa kila kitu, na sauti yangu ilikuwa ile ile ya kila siku.

Mchungaji aliganda. Kisha akaendelea na Kiingereza kwa nguvu zaidi, akijua nitamfuata kama ilivyo kawaida. Sikumfuata. Nikamgeukia Mama Nafula. Nikamwambia naliondoa neno langu pale pale nilipolitoa, mbele ya mashahidi, na kwamba aende hospitali sasa hivi. Nikalirudia mara tatu. Mara ya tatu maikrofoni ilikuwa imezimwa. Nikapiga kelele hivyo hivyo, mate yakanitoka.

Kwa mara ya kwanza kanisa lile lilikuwa na mhubiri bila mkalimani, na kila mtu alimwelewa vizuri tu aliposema, kwa Kiswahili, "Mtoeni huyu."

Mama Nafula alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akasema, taratibu, "Umeniaibisha." Halafu akaanguka.

Mimi na Nafula ndio tuliombeba. Ngazi za lile jengo ni nyembamba na zina mkojo. Mama wa kwaya alishika miguu mpaka mlangoni, akarudi ndani.

Jumatatu, 19 Mei

Yuko kwenye dripu. Daktari, msichana mdogo mwenye macho ya usingizi, alisema siku moja zaidi na tungekuwa tunaongea mengine. Aliuliza kwa nini aliacha dawa. Nafula akanitazama. Nikamwambia daktari ni mimi. Akaandika kitu, sijui nini.

Jumamosi, 24 Mei

Sikuenda Jerusalem. Nimefungua daftari, nikalifunga. Mifupa, nyama, matumbo. Sina hamu.

Kanisani wameshapata mkalimani mwingine. Nasikia ana sauti nzuri na anatia chumvi zaidi yangu. Mchungaji amehubiri kuhusu Yuda, hakutaja jina. Wenzangu wa maombi ya Jumatano wakinikuta kwenye ngazi wanageuka kutazama ukuta. Nami kwa miaka sita nilitazama ukuta hivyo hivyo.

Jumatano, 28 Mei

Mama Nafula amerudi nyumbani. Nilimpelekea uji wa wimbi. Hakufungua. Aliongea kupitia mlango, sauti imepata nguvu. Alisema alikuwa amepona. Kwamba ugonjwa ulikuwa umetoka, na mimi nikauita urudi kwa kutokuamini kwangu, mbele ya watu wote, na ukarudi. Kwamba alinilisha nikamlipa hivyo.

Nilisimama na bakuli. Nilitaka kumweleza, na nina maelezo ya kutosha. Nikaona kwamba nikimshawishi leo, kesho mtu mwenye sauti nzuri zaidi atamshawishi tena. Nikauliza tu kupitia mlango kama amejidunga.

Akasema, "Nitafanyaje na wewe umeshaniharibia?"

Nikauacha uji mlangoni. Jioni bakuli lilikuwa tupu, limeoshwa, limewekwa kwenye ngazi kwa namna ya kusema tusijuane.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua kidogo asubuhi. Nimefua, nimeanika darini.

Nafula alipanda kuanika sare yake. Nikamuuliza mama anaendeleaje. Akasema sukari imeshuka, anakula vizuri, ameanza tena kugombana na mwenye nyumba. Sindano je? Asubuhi na jioni, hakosi. Nafula akaongeza, "Lakini auntie, usikasirike. Kabla adunge lazima akutaje. Anasema hii sukari ni ya Rispa, yangu ilishapona, halafu anadunga."

Nikamuuliza kama anasema hivyo kila mara.

"Kila saa. Hata jana alikuwa amesahau dawa, nikataja tu jina lako, akakimbilia sindano na hasira."

Nimemsaidia kukamua sare. Nimemwambia ataje jina langu kila jioni, asisahau.