Mteja Haingii Stoo

Kaka Dipak,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, hapa hapa dukani Kariakoo, na sihami. Baada ya msiba wako, Kirit kaka yako aliniambia niache kompyuta, nirudi kuuza vitenge. Siku hizi kila duka linataka tovuti, na ya kwetu alishampa fundi mwingine kutoka Posta.

Fundi akatengeneza ukurasa wa oda, haraka na mzuri machoni. Nikauchungulia ndani. Kaka, nilipandwa na hasira. Jina analoandika mteja lilikuwa linaungwa moja kwa moja na amri inayokwenda kwenye hifadhidata, stoo ya taarifa zetu zote, kitu ulichonikataza kabisa. Nilipolalamika, Kirit akasema, "Dipak alikuwa mwoga. Nani Kariakoo ana muda wa kutuibia kwa kompyuta?"

Eti wewe mwoga. Nililia chooni, kisha nikanawa uso.

Unakumbuka siku uliyoanza kunifundisha? Hukuwasha hata kompyuta. Ulinipeleka kwenye dirisha la wavu pale kaunta ukasema, "Mteja anaomba hapa, muuzaji ndiye anayeingia stoo. Hata akisema yeye ndiye mwenye duka, kwetu hayo ni maneno ya mteja." Ndipo ukanionyesha kuandika amri nzima kwanza, na kuacha nafasi ya maneno ya mteja. Yakija yanakaa pale kama maneno tu, hata yakijifanya amri.

Sikubishana tena. Asubuhi, kabla hatujafungua, nilimkalisha Kirit hapa. Kwenye kisanduku cha jina nikaandika kipande kifupi cha amri. Zikamwagika oda za wateja wote, na namba zao za simu. Unawajua wateja wetu wanavyofichana mzigo wanaonunua. Kirit akauliza nimetumia nywila ya nani.

"Sina nywila," nikamwambia. "Nimeomba dirishani, nikaingizwa stoo."

Alizisoma namba mpaka mwisho. Kisha akasema, "Uzime ukurasa huu."

Sasa naandika upya kila ukurasa kwa njia yako. Mguu wa kiti bado umelegea, vile vile ulivyouacha kwa kuyumbayumba kwako, na sitaki utengenezwe. Nimekukosa, kaka, hasa saa ya chai.

Kirit bado anapita kulalamika kwamba nachelewesha. Namsikiliza kwa adabu. Na yeye maneno yake nayapokea dirishani.

Pumzika. Maadamu niko kwenye kiti hiki, stoo yako haingii mtu.

Mdogo wako,
Mwanahawa