Ndoo Kumi na Moja za Povu

Jumapili, 16 Februari

Nimekuwa mtu wa maana! Leo baada ya misa Madam Solange kanivuta mkono pale kwenye ngazi za kanisa, watu wote wanatazama, nadhani walifikiri nimedokoa sadaka. Kumbe anataka nikazungumze bungeni. Mimi! Niliyeacha shule darasa la kumi, na ambaye yeye mwenyewe, enzi zile akiwa mpishi wa shule, alinifukuza jikoni kwa mwiko.

Huyu mama tumemchagua mara tatu aende Augusta kutuwakilisha kwenye bunge la jimbo, na haoni kitu bila kukitungia sheria. Mwaka juzi, ving'ora vya moshi kwenye nyumba za kupanga. Mwaka jana, mabomba ya maji ya shuleni. Halafu makoti ya kuelea kwa watoto wanaopanda mitumbwi. Mjomba Fernand anasema iko siku tutapiga chafya kwa kibali. Sasa zamu imefika kwa povu letu la kuzimia moto. Eti lina kemikali zisizooza, hata miaka mia, zinaingia visimani, zinaingia kwenye damu. Muswada wake unasema povu lipigwe marufuku, visima vipimwe, na sisi wazimamoto tupimwe damu.

— Wewe ndiye uliyewamwagia watoto povu siku ya sikukuu ya viazi, kasema. Picha ilitoka gazetini.

Ilitoka, ndiyo. Ukurasa wa tatu! Nimeshika mpira kama askari, watoto wamezama hadi shingoni, wanacheka meno yote nje. Nimeibandika kwenye friza.

Nimemwambia nitafikiri. Kafurahi. Mimi sijui ni nini hasa cha kufikiri.

Jumanne, 18 Februari

Val-Doucet hakuna siri. Nimeingia kituoni, mwenzetu Normand kanipigia saluti.

— Mheshimiwa Bastien Dubay! Tukuvulie kofia au tukuvulie viatu?

Nikamwambia avue soksi kwanza, wote tunajua ndizo hatari kwa afya ya jamii. Wakacheka. Mjomba hakucheka sana.

Mjomba Fernand ndiye kamanda. Tuko kumi na wanne, wote wa kujitolea, na hodari wao anaandika hapa. Kazi yote kanifundisha yeye. Hata kunyoa kanifundisha yeye, maana Mama alihamia Connecticut nikiwa na miaka tisa na baba yangu ni jina tu kwenye karatasi.

Kaniita pembeni. Na yeye anakwenda Augusta, kupinga. Anataka nieleze habari za gereji ya Thibeault. Tenki la dizeli lilishika moto, ukuta mmoja na nyumba, watoto wawili ndani. Maji yalikuwa yanatawanya moto tu. Povu ndilo lililoufunika.

— Bila povu tungeuzima kwa mate? kasema.

Kweli tupu. Nilikuwepo. Yule mdogo nilimbeba mimi, na hapa sijigambi, alinitapikia kwenye helmeti.

Basi. Madam ananitaka, Mjomba ananitaka. Nimekuwa bwana harusi wa nyumba mbili na sijanunua hata suti.

Alhamisi, 20 Februari

Kaja dada mpimaji na chupa zake, kupima kisima cha Bibi. Madam Solange ndiye kampanga. Bibi alikuwa anapika ploye, zile chapati zetu laini za kumimina, kamkalisha, kamwekea siagi, kamwambia maji haya yamelea watoto saba na aliyekufa kati yao aligongwa na trekta. Dada wa watu kaandika sijui nini. Labda kaandika trekta.

Nilikuwa nacheka. Halafu nikatazama dirishani nikaacha.

Kuna mtaro nyuma ya kituo cha zimamoto. Unashuka, unapita chini ya uzio, unaishia uani kwa Bibi. Nimeuruka maelfu ya mara. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeutazama unakokwenda.

Niandike, hapa hapana msomaji. Mwaka jana ilikuja barua: kila kituo kihesabu povu la zamani, kilipeleke mjini tarehe fulani ya Septemba, likachukuliwe salama. Tarehe hiyo sote tulikuwa shambani, viazi havingoji mtu. Oktoba Mjomba kaikumbuka barua. Tulikuwa na ndoo kumi na moja. Kasema, ni sabuni tu, Bastien, fungua vifuniko. Nikafungua. Tukamwaga mtaroni, ndoo kwa ndoo, tunapiga soga za mpira wa magongo. Kwenye fomu kaandika: sifuri. Pale penye shahidi nikaweka sahihi yangu mimi, kubwa, yenye mkia, nikajiona karani wa wilaya.

Kisima ni cha Bibi. Bibi ni mama yake Mjomba. Hilo mbona hatukuliona?

Jumapili, 23 Februari

Nimekwenda kwa Madam Solange anieleze mambo ya bunge. Nimetoka mjinga kuliko nilivyoingia.

Nimeuliza: kamati ikiukataa muswada, umekufa? Hapana, unaweza kupita tu. Wabunge wote wakiukubali, umepita? Hapana! Unaweza kuwekwa kwenye meza moja huko, na usipopata fungu la fedha unalala palepale mezani hadi kikao kifungwe, ndipo unakufa. Umekufaje na umepita? Kasema ndiyo maana ana mvi.

— Na mimi nitasema nini, Madam?

— Ulichokiona. Dakika tatu. Usimtukane mtu, usivae kofia.

Halafu kanieleza la ajabu kuliko yote. Pale mlangoni unajiandikisha kwenye orodha. Ya kwanza, wanaounga mkono. Ya pili, wanaopinga. Ya tatu, wasio huku wala kule! Hawa huzungumza mwisho. Nikamuuliza ni watu gani wanaosafiri hadi bungeni kwenda kusema hawana upande. Kasema huwa ni wataalamu.

Nimecheka hadi kwenye gari. Mtaalamu Dubay.

Nilitaka kumwambia habari za ndoo. Mdomo ulifunguka kabisa. Kikatoka kitu kingine, nikasifia pazia zake.

Jumatano, 26 Februari

Moto kwenye bomba la moshi kwa kina Lozier, saa tano asubuhi. Baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri, maji yanaganda yakiwa hewani. Tumeuzima. Glavu zangu zililowa zikawa mbao. Mjomba kanivua, kanivalisha zake, yeye kaendelea mikono mitupu kama dakika kumi. Nikamgombeza. Kaniambia nyamaza, mtoto wa dada.

Vidole vyake viwili ni vyeupe hadi sasa.

Ijumaa, 28 Februari

Majibu ya maji yamekuja.

Mwisho unaoruhusiwa ni ishirini. Kisima cha Bibi: mia nne na kumi na mbili.

Ishirini za nini sijui. Nimesoma ile karatasi mara sita. Ni kitu kidogo mno, eti kama matone machache ndani ya ziwa zima. Basi kama ni kidogo hivyo kinaua vipi? Na kama hakiui, mbona wameandika kwa wino mzito USINYWE?

Bibi kaisoma kwa kioo chake, kaikunja, kaiweka chini ya bakuli la sukari. Kisha kajimiminia chai. Ya maji yaleyale! Nikamnyang'anya kikombe. Sijawahi kumnyang'anya Bibi kitu maishani. Kanitazama kama mwizi.

— Miaka themanini na moja, kasema. Leo ndio unaniogopea?

Mjomba kaja jioni. Kasoma amesimama, na koti mwilini. Katoka. Karudi na maji ya chupa, katoni nane, kazipanga ukutani mojamoja, polepole, utadhani anajenga nyumba. Nikamsaidia. Hakunitazama.

— Inaweza kuwa ya zamani, kasema. Miaka arobaini tunafanya mazoezi ya povu pale.

Inaweza. Ni kweli inaweza! Nimemuuliza yule dada kwa simu, kasema hata yeye hawezi kujua ni lipi la mwaka gani. Yote ni povu.

Nikakaza moyo. — Mjomba, na zile ndoo?

— Ndoo gani?

Hakuwa anauliza. Nimemjua miaka kumi na tisa, najua anavyouliza.

Jumapili, 2 Machi

Nimeandika hotuba mbili. Moja ya Madam, moja ya Mjomba. Nimezisoma mbele ya kioo, kwa sauti ya mheshimiwa, mkono mmoja kifuani. Nilipounga mkono nilijishawishi. Nilipopinga nilijishawishi tena. Nimejishinda mara mbili na nimeshindwa mara mbili, na ndevu zenyewe hazijaota sawasawa.

Watoto wa Thibeault wako hai kwa sababu ya povu. Maji ya Bibi ni sumu kwa sababu ya povu. Lipi kati ya haya mawili niseme halikutokea?

Na ndoo hazimo kwenye hotuba hata moja. Nimejaribu kuziingiza. Kila nikiandika "ndoo", sentensi inayofuata lazima iwe na jina la mtu.

Nikilitaja, Mjomba si kamanda tena. Labda na mahakama juu. Na mimi sahihi yangu ipo, kubwa, yenye mkia. Nisipolitaja, fomu itaendelea kusema sifuri, na kina Lozier walio chini ya mtaro, na kisima chao, na mtoto wao mchanga, hakuna atakayewapimia. Dada mpimaji alisema: wanaanza na vituo vilivyokuwa na povu. Sisi tuna sifuri. Kwa Bibi alikuja kwa hisani ya Madam tu.

Kichwa kinaniuma. Nimekula ploye saba.

Jumatano, 5 Machi

Naandika hapa hapa, kwenye benchi la korido, Augusta. Mapumziko ya mchana.

Tumekuja na Mjomba kwa pikapu yake, saa tano za njia, theluji mpaka Houlton. Hatukuzungumza ila swala wawili barabarani. "Swala." "Nimewaona." Basi.

Mlangoni orodha tatu kweli, na kalamu imefungwa kwa kamba. Mjomba kajiandika ya pili, kaingia zake. Mimi nikabaki. Nyuma yangu bibi mmoja ananihimiza, kijana, ni jina tu. Ni jina tu! Nikajiandika ya tatu. Niko peke yangu kwenye ukurasa mzima.

Madam Solange ndiye aliyefungua. Kumbe anajua kusema! Jikoni alikuwa anafoka tu. Mbunge mmoja mwenye tai nyekundu kamuuliza, kijijini kwako kulikuwa na povu kiasi gani. Kajibu: fomu inasema sifuri, mheshimiwa, na mimi siwezi kubishana na fomu, lakini maji ya bibi mmoja yanabishana nayo.

Halafu Mjomba. Kavaa sare, medali ya miaka thelathini. Kaeleza moto wa Thibeault vizuri kuliko mimi. Kanitaja! Kasema kijana wangu ndiye aliyembeba mtoto, yuko pale nyuma. Watu wakageuka. Nikajiona mkubwa, Mungu anisamehe, kwa sekunde tatu nilijiona mkubwa sana.

Tai nyekundu kauliza: povu la zamani la kituo chako lilikwenda wapi, kamanda?

— Hatukuwa nalo, mheshimiwa. Fomu iko kwenu, ina shahidi.

Hakusita. Ila ule mkono wenye vidole vyeupe aliuficha nyuma, kama mtoto aliyeulizwa kama amenawa.

Wakatangaza mapumziko. Tukirudi ni wasio huku wala kule. Yaani ni mimi.

Sasa kaja, kaketi karibu nami. Kaleta mkate wa mayai, leo Jumatano ya Majivu, nyama hakuna. Kaukata, kanipa kipande kikubwa. Kauliza nimejiandika orodha ipi.

— Ya tatu.

Kashusha pumzi hadi mabega yamelegea. Kanipiga goti.

— Ndiyo akili hiyo. Sema la gereji, la watoto, sema na maji ni muhimu, halafu ukae. Hapo hakuna atakayekuchukia.

Kweli, hakuna. Nimefikiri. Ni foleni nzuri hii. Unaingia huna upande, unatoka huna upande, na ndoo zinabaki mtaroni.

Anatafuna, ananichungulia. Anadhani hili daftari ni hotuba. Kaniuliza, kwa sauti ile ya kunifundisha kunyoa, nimefika wapi.

Nimemwambia: kwenye ndoo.

Kaacha kutafuna. Hajaniambia nifute. Anatazama viatu vyake, theluji imeyeyuka imefanya kidimbwi.

Karani kafungua mlango, kaita jina langu, kalikosea, kaita tena. Mimi bado nimeketi, naandika. Aliyesimama, akielekea mlangoni, ni Mjomba, na ule mkono wenye vidole vyeupe haufichi tena.